Usitupe Fishi ya CPN

Mtoto akishaanza kutembea, fishi ya CPN, yaani kadi ya kliniki ya wajawazito, huwa imefungiwa chumvi au imewashiwa moto. Mama wa hapa Pepa, kama yako bado ipo, iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yako ya uchaguzi. Imebeba habari za moyo wako wa miaka 20 ijayo.

Udhaifu wa injini ya lori hauonekani likiwa kwenye tambarare kule ziwani. Huonekana linapopanda milima ya Marungu na mzigo. Mimba nayo ni mpando. Damu ya mwanamke huongezeka karibu nusu, na moyo lazima uisukume yote. Tansio (shinikizo la damu) ikipanda, sukari ikizidi, au mtoto akizaliwa kabla ya wiki ya 37, huenda mishipa ilikuwa imelemewa. Kujifungua kunashusha mzigo, lakini injini inabaki ileile.

Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusu wanawake zaidi ya milioni 3. Waliopata dalili za kifafa cha mimba, yaani tansio ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 na protini kwenye mkojo, baadaye waliugua tansio ya kudumu mara 3 hadi 4 zaidi kuliko wenzao. Ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata kama mara 2 zaidi. Inaniuma kwamba wengi waliohesabiwa humo ni wa Ulaya na Marekani, wakati uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha mwanamke wa Kongo alikuwa akizaa kwa wastani watoto 6 hadi 7. Anayepanda mpando mara nyingi hivyo ndiye anayestahili kuangaliwa zaidi.

Kwa hiyo, kama ulikuwa na tansio ya mimba, rudi kupimwa siku za kwanza baada ya kujifungua, tena wiki ya 6, kisha kila mwaka, hata siku ya soko ukipita karibu na kituo. Usingoje maumivu, tansio mara nyingi haiumi. Wala usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi: "Kwenye mimba ya pili nilipanda tansio." Fishi ikipotea, andika kwenye daftari mwaka, vipimo unavyokumbuka, na mimba zilizoharibika. Mama aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 naye aseme, kwani hilo nalo linahusu moyo.

Ukipata mimba nyingine, anza CPN mapema, kabla ya mwezi wa nne. Kuna aspirini ya kipimo kidogo inayopunguza hatari ikianzwa mapema, lakini aandike muganga, usijinunulie sokoni. Kama tansio yako bado iko juu, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaweza kuizidisha, basi uliza habari za kijiti cha kuwekwa mkononi. Na ili kupunguza chumvi, makayabo yaloweke usiku kucha, umwage maji yake.

Kuna ugonjwa mwingine ambao familia nyingi huuita sumu au kulogwa. Kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kuzaa, moyo wa mama unaweza kulegea. Miguu inavimba, anakohoa, anahema akienda kisimani tu, na usiku hawezi kulala chali; anakesha ameegemea ukuta. Ni rahisi kudhani ni uchovu wa kunyonyesha. Msimpeleke kwanza kwa mpiga ramli. Mpelekeni kituoni siku hiyohiyo, aandikiwe kwenda hospitali kuu ya rufaa, na njiani aketi wima, asilazwe. Dawa zipo, na wengi hupata nafuu.

Ugonjwa huo unaweza kurudi kwa ukali kwenye mimba inayofuata. Kabla ya kufikiria mtoto mwingine, nendeni kwa muganga wote wawili, mume aisikie habari hiyo kwa masikio yake, ili mke asiachwe peke yake kuieleza nyumbani kwa wakwe.