Muhogo, Ayodini na Kiingereza cha Kuombea Maji

Watoto wengi wanaingia kidato cha kwanza na Kiingereza cha kuombea maji, maana Sayansi ya msingi waliisoma kwa Kiswahili. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilidondoshea kipande cha muhogo ayodini, pakawa bluu-nyeusi. Nikauliza kwa Kiingereza wameona nini. Kimya! Nikasema, "Haya, ambianeni kwanza kwa Kiswahili." Kelele tupu. Binti mmoja akataka kujua kama ugali nao ungegeuka. Swali la kisayansi hasa hilo!

Ndipo nikaandika ubaoni majina ya Kiingereza ya wanga na rangi, na sentensi yenye pengo wajaze. Mtihani ni wa Kiingereza, siwadanganyi. Kesho yake binti akaleta ugali, akaupima, akaandika. Kitenzi kakosea, jibu sahihi. Nikampa vema.