SOMO LA 14: JENERETA INAYONGURUMA BILA KUTOA UMEME

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kutengeneza sumaku kwa kutumia umeme. Uliona pia kwamba mkondo wa umeme hupita katika njia isiyokatika tu. Katika somo hili utayatumia mambo hayo mawili kutafuta kosa katika mashine.

Tuseme ni usiku, na katika zahanati ya kijiji mama mmoja anakaribia kujifungua. Umeme umekatika. Ndani ya jokofu kuna chanjo zinazotakiwa kukaa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mlinzi anavuta kamba ya jenereta. Injini inanguruma vizuri, lakini taa haziwaki. Mlinzi anachukua dumu ili aongeze petroli. Je, petroli hiyo itawasha taa? Fikiri kwanza, kisha endelea kusoma.

Mashine mbili katika moja

Jenereta ina mashine mbili zilizoungwa pamoja. Ya kwanza ni injini, ambayo huchoma petroli na kuzungusha mtaimbo. Ya pili ni sehemu ya umeme, ambayo hupokea mzunguko huo na kuugeuza kuwa umeme. Mngurumo unaousikia ni wa injini peke yake. Kwa hiyo injini inaweza kuwa nzima, na sehemu ya umeme ikawa na kosa.

Sasa unaweza kumjibu mlinzi. Injini inayozunguka vizuri ina petroli ya kutosha. Kuongeza nyingine hakutawasha taa. Tena, kumimina petroli katika injini inayofanya kazi ni hatari, kwa kuwa petroli ikigusa chuma cha moto inaweza kuwaka.

Umeme hupatikanaje?

Mwaka 1831 Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, mkondo wa umeme hupita katika koili hiyo. Basi mambo matatu yanahitajika: koili, nguvu ya sumaku, na mwendo. Likikosekana moja, umeme haupatikani.

Dinamo ya baiskeli ina sumaku ya kudumu. Jenereta nyingi za petroli hazina sumaku ya namna hiyo. Ndani yake kuna chuma kilichozungushiwa waya, nacho huwa sumaku yenye nguvu pale tu umeme unapopita katika waya huo. Hapa pana fumbo: umeme unahitaji sumaku, na sumaku inahitaji umeme. Kipi kitangulie?

Fanya jaribio hili upate jibu.

Jaribio: Je, usumaku hubaki katika chuma?

Vifaa: msumari mrefu, waya mwembamba wa shaba wenye kihami, betri moja ya tochi, na vumbi la chuma kutoka kwa fundi anayekata vyuma.

Njia:
1. Ingiza ncha ya msumari katika vumbi la chuma. Je, vumbi linanasa?
2. Zungushia msumari waya mara 40. Unganisha ncha mbili za waya na betri kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Usizidishe, maana waya utapata moto. Wakati huo ingiza msumari katika vumbi la chuma.
3. Tenganisha waya na betri. Je, vumbi lote limeanguka?
4. Pangusa msumari. Ugongegonge juu ya jiwe mara nyingi, kisha uuingize tena katika vumbi la chuma.

Andika katika daftari lako yale uliyoyaona.

Aghalabu utaona kwamba baada ya kuondoa betri, vumbi kidogo bado limeshika. Huo ni usumaku uliobaki. Ukiugonga msumari, usumaku huo hupungua.

Jenereta huanza kazi kwa usumaku mdogo kama huo. Injini inapozunguka, usumaku uliobaki huzalisha umeme kidogo. Umeme huo hurudishwa katika waya uliozungushiwa chuma, na sumaku huongezeka nguvu. Sumaku yenye nguvu zaidi huzalisha umeme mwingi zaidi. Ni kama kaa dogo lililobaki jikoni: likipulizwa, moto hukolea. Werner von Siemens wa Ujerumani na Charles Wheatstone wa Uingereza walieleza kanuni hii mwaka 1867.

Kutafuta kosa kwa utaratibu

Fundi mzuri hafungui mashine ovyo. Huanza na mambo mepesi yaliyo nje, kisha huenda ndani.

1. *Je, kosa liko nje ya jenereta?* Huchomoa vyombo vyote, halafu huunganisha taa moja anayojua kuwa ni nzima. Ikiwaka, kosa limo katika nyaya au vyombo vya nyumba.

2. *Je, swichi ya usalama imejizima?* Swichi hii hukata njia ya umeme pale vyombo vinapozidi uwezo wa jenereta. Fundi hupunguza vyombo kwanza, kisha huiwasha.

3. *Je, mwendo unatosha?* Jenereta nyingi ndogo za volti 230 huzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Mwendo ukipungua sana, volti nazo hupungua.

4. *Je, kuna volti chache au hakuna kabisa?* Fundi hupima kwa voltimeta. Akipata volti chache, hujua kwamba usumaku uliobaki bado upo, ila haukuzwi. Hapo huchunguza sehemu zinazopeleka umeme kwenye sumaku, kama vile burashi za kaboni zilizokwisha, waya uliolegea, au kidhibiti volti kilichoharibika. Asipopata volti hata kidogo, huenda usumaku umepotea au waya wa koili umekatika.

Usumaku unaweza kupotea jenereta ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, ikitikiswa sana, au ikizimwa wakati vyombo bado vinatumia umeme. Fundi anaweza kuurudisha kwa kupitisha umeme wa betri katika koili ya sumaku kwa muda mfupi. Hiyo ni kazi ya fundi tu. Lakini kuzuia ni kazi ya kila mtumiaji: washa jenereta mara kwa mara, na uchomoe vyombo kabla ya kuizima.

Tahadhari

Usifungue jenereta wala kuingiza kitu katika soketi zake. Umeme wa volti 230 huua, na jenereta isiyotoa umeme sasa yaweza kuutoa ghafla. Usiwashe jenereta ndani ya nyumba au karibu na dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayohitajika ili jenereta itoe umeme.
2. Kwa nini mngurumo wa injini si ushahidi kwamba umeme unazalishwa?
3. Jenereta inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Inazunguka mara ngapi kwa sekunde moja?
4. Fundi amepima na kupata volti 4 badala ya 230. Je, usumaku uliobaki umepotea? Eleza.
5. Dinamo ya baiskeli iliyokaa mwaka mzima bila kutumiwa huwasha taa mara gurudumu linapozunguka. Kwa nini haihitaji kusaidiwa na betri?