SOMO: FRIJI YA CHANJO NA SIMU YAKE



Kadi ya chanjo ya mtoto yaonyesha tarehe. Haionyeshi kama dawa ilikuwa na nguvu siku hiyo. Basi leo tutazame friji ya zahanati.

Chanjo hutakiwa kukaa katika digrii 2 mpaka 8, mchana na usiku. Sote twaogopa umeme ukikatika chanjo itapata joto, na ni kweli, matone ya polio huharibika upesi. Lakini baridi kali nayo ni adui, tena wa siri. Chanjo ya magonjwa matano, inayotumika Uganda tangu 2002, ikiganda mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka tena. Ile alama ya mraba kwenye kichupa hugeuka rangi kwa joto tu; kwa baridi haisemi kitu.

Desturi ni mhudumu kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye karatasi. Saa nane za usiku nani asoma? Na karatasi twazijua. Viwandani nimeona za wiki nzima zimejazwa Ijumaa kwa kalamu moja.

Ndiyo maana siku hizi kuna chombo chenye waya unaoingia ndani ya friji, na laini ya simu kama yako. Chapima chenyewe kila baada ya muda mfupi. Joto likizidi digrii 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka zaidi ya nusu digrii chini ya sifuri kwa saa moja, chapeleka ujumbe kwa mhudumu na kwa wakubwa wake. Ona tofauti hiyo: joto limepewa saa 10, baridi saa moja tu. Siku ya kliniki mlango hufunguliwa, joto hupanda kidogo na kurudi. Kuganda hakurudi.

Ila chombo hakitengenezi friji. Mhudumu akiamshwa na ujumbe, naye hana petroli ya jenereta wala sanduku la baridi, atabaki kuutazama tu.

Kwa hiyo matawi yenye zahanati ya kampuni yamwulize meneja: ujumbe unakwenda kwa nani? Akiwa likizo, kwa nani? Petroli na malipo ya laini yatoka fungu gani? Na mhudumu anayeamka usiku kuhamisha chanjo alipwe ovataimu, kama alipwavyo mtu wa boila. Hilo liandikwe kwenye mapatano.