Kijidudu cha Malaria Kinabadili Nguo

Ndugu mfanyakazi, unauliza: «Nilipona malaria, mbona imerudi?» Kijidudu kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuivalisha nguo yake. Nguo hiyo inanata kwenye mishipa. Ikinata ndani ya ubongo, mtoto anashikwa na degedege, anazimia. Askari wa damu wanajifunza kuijua. Lakini kijidudu kina jeni karibu 60, maana yake maagizo 60 ya kushona nguo: kinafungua moja, zingine zinafungwa. Askari wakiisha kuijua ile, vijidudu vingine vimekwisha kuvaa ingine.

Basi homa ikishuka siku ya pili, si kupona. Dawa ya siku 3 imalizwe siku 3. Vidonge vya mtoto nimeviona vimefichwa ndani ya kopo la sukari, vinangoja homa ingine!