Jicho la Umeme: Ni Nani Atakayefaidika?

Mkazi wa Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, akisikia redioni kwamba vipofu wamepandikizwa jicho la umeme, swali lake huwa moja: je, nami nitaona tena? Mhudumu wa afya hana budi kuwa na jibu la kweli.

Vipandikizi vya umeme si vigeni nchini. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huweka betri za kurekebisha mapigo ya moyo.

Kwa upande wa jicho, seli za retina hugeuza mwanga kuwa ishara za umeme, na neva ya jicho huzipeleka kwenye ubongo. Kipandikizi hushika nafasi ya seli zilizokufa: kamera ya miwani hunasa picha, na chipu iliyo chini ya retina huzichochea seli zilizosalia. Katika utafiti wa kipandikizi cha PRIMA uliotangazwa mwaka 2025, kati ya wagonjwa 32 waliofuatiliwa mwaka mzima, 26 waliongezewa uoni. Wote walikuwa wazee ambao retina zao zilichakaa sehemu ya katikati. Walisoma herufi na maneno. Hawakurudishiwa macho ya ujanani.

Sharti ni kwamba neva iwe hai. Glakoma huiua neva, na usubi, ugonjwa unaofahamika mkoani Ruvuma, waweza kuiharibu pia. Kwa hao, chipu ya retina haina msaada.

Tena, kifaa huhitaji matunzo ya kudumu. Watengenezaji wa Argus II walipoacha kukitengeneza mwaka 2019, watu zaidi ya 350 duniani walibaki na vifaa visivyo na fundi.

Basi tufanye nini leo? Mzee mwenye mboni nyeupe apewe rufaa: huenda ni mtoto wa jicho, anayetibiwa kwa upasuaji na lenzi ya plastiki isiyohitaji umeme. Mtoto mwenye mboni nyeupe apelekwe haraka, kwani yaweza kuwa saratani. Mwenye glakoma asiache dawa ya matone akingojea chipu, maana uoni uliopotea haurudi. Na dawa ya usubi, ivamektini, inywewe kila igawiwapo.

Matumaini ni mema, lakini yasimfanye mgonjwa aiache tiba iliyo karibu naye.