Ukiombwa Umbebee Mtu Mzigo: Mkazi wa Ilembo na Biashara ya Dawa za Kulevya

Mkazi wa Ilembo, huku Mpanda mkoani Katavi, akisikia redioni kwamba kumekamatwa shehena ya dawa za kulevya, mara nyingi huona hayo ni mambo ya pwani. Bahari iko mbali, Katavi ni mkoa wa mpunga, mahindi na tumbaku, na wauza unga wanaoandikwa magazetini ni watu wa majumba makubwa ya Dar es Salaam. Nusu ya wazo hilo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowapeleka watu wa kawaida jela, maana makundi yanayoendesha biashara hii hayahitaji wewe uwe mhalifu. Yanahitaji kiti chako kwenye basi, ekari yako ya kando ya mto, chumba chako cha kupangisha, au laini ya simu iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Kwanza, mzigo wenyewe unatoka wapi? Heroini, ambayo mtaani huitwa unga, hutengenezwa kwa utomvu wa mmea uitwao afyuni. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya afyuni ya dunia ililimwa Afghanistan. Mzigo hushushwa hadi pwani ya Makran, iliyo upande wa Iran na Pakistan, ukapakiwa kwenye majahazi na kuvushwa Bahari ya Hindi hadi huku kwetu. Majahazi hayo hayaji bandarini. Hungoja mbali, boti ndogo zikaenda kupokea usiku. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ililikuta jahazi moja la namna hiyo mbele ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini.

Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Aprili 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha afyuni, na mwaka uliofuata mavuno yakaporomoka. Wafanyabiashara hawakufunga maduka. Waliongeza nguvu kwenye methamfetamini, dawa ya kuchangamsha inayotengenezwa kwa kemikali, isiyohitaji kungoja msimu wa mavuno. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake DCEA, ilitangaza kukamata kilo 3,182 za dawa, kiasi kikubwa kuliko chochote kilichokuwa kimewahi kukamatwa nchini kwa wakati mmoja hadi wakati huo. Zaidi ya theluthi mbili ilikuwa methamfetamini, iliyobaki heroini, na mzigo ulikuwa umefungwa kwenye vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Ulikamatwa Dar es Salaam na Iringa. Hiyo Iringa isikupite hivi hivi: haina bahari, ila ina barabara kuu ya kwenda Tunduma na kusini mwa Afrika.

Na hao wenye mzigo ni nani? Mfano unaojulikana sana ni wa familia ya Akasha ya Mombasa. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017, na baada ya kukiri makosa Baktash akahukumiwa miaka 25 na Ibrahim miaka 23. Huku kwetu, Ali Khatib Haji Hassan, maarufu kama Shkuba, naye alipelekwa Marekani mwaka 2017. Ukisoma kesi kama hizi utaona kazi imegawanywa. Kuna mwenye fedha, ambaye hagusi mzigo. Kuna wa boti, wa stoo, wa magari, na wa kuzungusha pesa. Kila mmoja anamjua wa juu yake na wa chini yake tu, tena kwa jina la utani. Papa, yaani yule mwenye fedha, hukamatwa mara moja moja. Anayekamatwa kila wiki ni yule wa mwisho, ambaye hata jina la tajiri wake halijui, hivyo hana hata cha kuwaambia polisi kitakachompunguzia mashaka.

Kwa Katavi, hata hivyo, usihangaike sana na heroini. Bangi ndiyo inayokamatwa kwa wingi kuliko dawa nyingine nchini, na mirungi nayo imo kwenye orodha. Wapo wanaobisha hapa, hasa waliowahi kuishi Kenya, ambako miraa huuzwa sokoni kama mboga. Ng'ambo ya mpaka ni halali, huku Tanzania ni dawa ya kulevya kamili chini ya sheria ya mwaka 2015, Sura ya 95. Kuwa na mazoea nayo hakukusaidii mahakamani. Kulima, kuhifadhi, kusafirisha na kuuza, vyote ni makosa, na kwa makosa makubwa kifungo ni miaka 30 au maisha. Kiasi kikizidi kile kilichotajwa na sheria, hata dhamana hupati. Utangoja kesi ukiwa mahabusu.

Tuje sasa kwenye basi, maana huko ndiko wengi hunaswa. Ni alfajiri stendi ya Mpanda, wewe unakwenda Tabora. Kijana mwenye heshima zake anakuja na kiroba cha mchele, mdomo umeshonwa upya kwa uzi wa rangi tofauti na ule wa chini. "Shikamoo mama. Naomba unishushie Tabora, mdogo wangu atakupokea stendi, namba yake hii hapa." Anakupa elfu kumi ya chai. Mchele wa kilo ishirini una nauli yake kwenye ofisi ya vifurushi vya basi, na nauli hiyo ni ndogo kuliko chai uliyopewa. Hapo ndipo pa kujiuliza. Mjibu kwa upole: "Mwanangu, twende ofisini ukakatie risiti." Mwenye mzigo safi atakwenda. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba simu yake inaita.

Ukiona ni lazima umsaidie mtu unayemfahamu kweli, mzigo ufunguliwe mbele yako, uingie kwenye orodha ya basi kwa jina lake, na nakala ya risiti ubaki nayo. Kondakta akiuliza "hii ya nani?" usijibu "yangu" kwa kuwahurumia watu. Neno hilo moja limewatesa wengi, kwa sababu ukikutwa na mzigo, kazi ya kueleza ulivyofika mikononi mwako inakuangukia wewe.

Shamba nalo lina mtego wake. Mtu mgeni anataka kukodi ekari mbili za mbali, karibu na maji, analipa msimu wote taslimu bila kupatana bei, na anasisitiza wewe usihangaike kwenda kupalilia wala kutazama. Bangi hupandwa katikati ya mahindi, ambayo huificha hadi inapokomaa. Sheria haimwangalii mlimaji peke yake: mwenye ardhi anayeruhusu ilimwe naye anashtakiwa. Kwa hiyo andikishaneni. Mkataba wa karatasi moja unatosha: majina, namba za NIDA, ukubwa wa shamba, zao litakalolimwa, na sahihi za mashahidi wawili, mmoja wao mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Ukiambiwa kuna ada ya ofisi, omba risiti ya serikali. Kisha nenda shambani kwako angalau mara moja kila mwezi, hata kama umeambiwa usisumbuke. Ni shamba lako.

Chumba cha kupangisha, utaratibu ni uleule: nakala ya kitambulisho, mkataba, na mpangaji atambulishwe kwa mwenyekiti wa mtaa.

Laini ya simu watu huichukulia kirahisi mno. Mtu anakuomba umsajilie laini "kwa sababu kitambulisho changu hakijatoka", na baada ya miezi mitatu laini hiyo inapokea na kutuma pesa za mzigo. Jina linalosomeka kwenye muamala ni lako. Piga *106# kwenye simu yako, ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hailipiwi. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na namba yako ya NIDA, uombe ifutwe.

Kuna pia ahadi ya kazi au biashara ya nje, inayowalenga zaidi mabinti na vijana waliomaliza shule. Mtu usiyemjua vizuri anakulipia pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, anakukatia tiketi ya ndege, na anakupa begi lililokwisha pangwa. Wengine huambiwa wameze vidonge vilivyofungwa kwa plastiki. Wanaobeba hivyo huitwa punda, na kidonge kimoja kikipasuka tumboni mtu anaweza kufa kabla ya kufika hospitali. Kuanzia mwaka 2013 Padri John Wotherspoon, aliyehudumia wafungwa Hong Kong, alisambaza barua za wafungwa Waafrika, Watanzania wakiwemo, wakiwasihi wenzao wa nyumbani wasifuate njia hiyo. Hong Kong yenyewe wanatoa vifungo virefu. China Bara, kuanzia gramu 50 za heroini, sheria inaruhusu hukumu ya kifo. Gramu hamsini ni kiasi kidogo sana.

Sasa umeona jambo na unataka kutoa taarifa. Piga 119, namba ya DCEA, ni bure kutoka mtandao wowote. Kama kuna hatari ya papo hapo, piga 112 ya polisi, nayo bure. Si lazima utaje jina lako. Kinachosaidia ni mambo ya kuonekana: mahali, saa, namba ya gari au pikipiki, watu wangapi, wanakuja siku zipi. "Kuna watu wabaya Ilembo" haimsaidii askari. "Pikipiki namba fulani hushusha viroba kwenye nyumba ya bati jekundu kila Jumanne saa mbili usiku" inamsaidia. Usiende kuhoji, usipige picha kwa karibu, na usimsimulie jirani. Tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini ulinzi wa kwanza ni mdomo wako mwenyewe. Na kama unahofu kwamba mtu wa ofisi ya karibu ana undugu na wahusika, ruka ofisi hiyo, piga 119 moja kwa moja.

Ukiokota mfuko unaoutilia shaka, usionje, usinuse, usiufungue. Muite mwenyekiti wa mtaa awe shahidi na mpigie polisi mkiwa wawili.

Polisi au maofisa wa Mamlaka wakija kupekua nyumbani kwako, usikimbie wala kubishana. Una haki ya kuona vitambulisho vyao na kuwa na shahidi huru, yaani mtu asiye upande wao wala wako. Mara nyingi huitwa mwenyekiti au balozi. Kilichochukuliwa huandikwa kwenye hati ya ukamataji. Soma kabla ya kusaini, na shahidi naye asome, maana nimeona wenyeviti wakisaini kama wanaotia saini daftari la msiba. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye husema kama ni dawa au ni unga wa muhogo. Dhamana, pale inaporuhusiwa, hailipiwi hata senti kituoni. Huna pesa ya wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo ni bure, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa itakuelekeza alipo.

Na kama mtumiaji ni mwanao? Usimfungie ndani wala kumfunga kamba. Anza na daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Mpanda au ofisa ustawi wa jamii. Mwambie ukweli ni dawa gani, maana tiba hazifanani. Tramadoli na vidonge vingine vya hospitali pia vinaleta uraibu, hivyo usione haya kuvitaja. Kwa bangi, mirungi na methamfetamini hakuna kidonge cha kubadilishia. Tiba yake ni ushauri, uangalizi na muda. Kwa heroini ipo methadoni, dawa ya maji inayonywewa kliniki kila siku mbele ya muuguzi ili kuzuia arosto, yale maumivu ya mwili dawa inapokatika. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na kwa watu wa nyanda zetu kuna kliniki Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Dawa yenyewe ni bure. Gharama iko kwenye kuishi: kwa kuwa inanywewa kila siku, mgonjwa lazima akae jirani na kliniki kwa miezi mingi, wengine miaka. Kabla ya kupanda basi, tafuteni ndugu wa kumpokea au chumba cha kupanga, chukueni barua ya rufaa kwa daktari na utambulisho wa serikali ya mtaa, na mmoja wa familia aende naye wiki za mwanzo. Nyumba za kupata nafuu, wenyewe huziita soba hausi, nyingi hulipisha kwa mwezi. Kabla ya kulipa uliza usajili wake, uliza nani muuguzi, na omba kuona wanapolala. Wakikukatalia kuingia, mpeleke kwingine.