BETRI YA PIKIPIKI: JE, TUNG'OE YA ASIDI TUWEKE YA LITHIAMU?



Hapa Kenol pikipiki ndiyo miguu ya watu. Ukishuka kwenye matatu iliyotoka Thika au Nyeri, kabla hujakanyaga chini vizuri umeshaulizwa, "Tunaenda? Makuyu? Maragua?" Siku hizi stejini kuna mjadala mkali kuhusu betri. Wapo wanaodai kwamba betri ya asidi ni mzigo na imepitwa na wakati, na kwamba dawa ni pakiti ndogo ya lithiamu. Binamu yangu ni mwanabodaboda, na pikipiki yake ndiyo inayolipa karo ya watoto wake wawili. Aliponiuliza, "Wewe unayesoma Fizikia, hii maneno ni ya kweli?" nilienda kwa mwalimu wetu, nikakaa na mafundi wa jua kali, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Betri ya asidi

Betri hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1. Zidisha: 6 × 2.1 = 12.6. Ndiyo maana betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi kwenye mita.

Kwa nini basi za bodaboda hufa upesi? Sababu ni tatu. Kwanza, barabara zetu za vumbi na mashimo huitingisha hadi mabamba yanaachana. Pili, safari ni fupi fupi na stata inabonyezwa kila mara, ilhali injini inaponguruma polepole stejini chaji inayoingia ni kidogo. Betri inayokaa bila kujaa hujifanyia chumvi ngumu ya salfeti juu ya mabamba, na chumvi hiyo ikikomaa haitoki. Tatu, wengi husahau kuongeza maji ya betri. Asidi ikishuka chini ya mstari, bamba linakauka, na hapo ni kupiga kiki tu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

2. Lithiamu

Betri za ioni za lithiamu za kuchajiwa zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Leo lithiamu iko katika simu zetu, taa za sola, na hata pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri kwenye vituo jijini Nairobi.

Sifa zake si uongo. Ni nyepesi: uzito wake haufiki nusu ya ule wa betri ya asidi inayofanya kazi sawa. Haina asidi ya kumwagika. Ikikaa bila kutumiwa, chaji haiishi haraka. Inaweza kuchajiwa mara nyingi zaidi ikitunzwa. Ubaya wake wa kwanza ni bei, ambayo huwa mara kadhaa ya ile ya asidi. Ubaya wa pili ndio kiini cha makala haya.

3. Hesabu inayookoa maisha

Lithiamu si moja, msomaji. Ziko aina nyingi, lakini mbili ndizo zinazotuhusu.

Aina ya kwanza ni lithiamu ya chuma na fosfeti. Seli yake ni volti 3.2, na haifai kupita 3.65 inapochajiwa. Nne zikiungwa mfululizo: 4 × 3.2 = 12.8.

Aina ya pili ni ile ya kompyuta za mapajani, ambayo mara nyingi ina kobalti. Seli yake ni volti 3.7, na haifai kupita 4.2. Tatu zikijaa: 3 × 4.2 = 12.6.

Umeona mtego? Pakiti ya seli tatu za kompyuta ikijaa huonyesha volti 12.6, sawasawa na betri ya asidi! Fundi asiyejua ataipima, ataona 12.6, atasema, "Iko sawa, boss, funga." Binamu yangu alikuwa ameahidiwa pakiti kama hiyo, iliyotengenezwa kwa seli kuukuu, kwa bei ya kutupa.

Lakini pikipiki haichaji kwa volti 12.6. Injini ikizunguka, rektifaya hupeleka volti 13.8 hadi 14.5 hivi. Tuchukue 14.4 tugawanye:

Seli nne za chuma na fosfeti: 14.4 ÷ 4 = 3.6. Chini ya 3.65, salama.

Seli tatu za kompyuta: 14.4 ÷ 3 = 4.8. Juu ya 4.2, hatari kubwa.

Seli iliyojazwa kupita kiasi hupata joto, hufura, na huweza kulipuka moto ambao si rahisi kuuzima. Sasa kumbuka betri inakaa wapi: chini ya kiti, karibu na tangi la petroli, na juu yake ameketi abiria, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga.

4. Hatua za kubadilisha

Anayetaka kubadilisha na afuate utaratibu huu:

(a) Pima chaji kwanza. Washa injini, ongeza mafuta kiasi, weka mita kwenye betri iliyopo. Ikionyesha zaidi ya 14.6, rektifaya ina kasoro. Itengenezwe kabla ya jambo lolote.

(b) Nunua pakiti iliyoandikwa kwamba ni ya chuma na fosfeti, ya volti 12.8, yenye saketi ya ulinzi ndani. Baadhi ya wauzaji huandika "sawa na ampea-saa 7" ilhali chaji halisi ni theluthi au nusu ya hapo. Soma kwa makini.

(c) Zima swichi. Fungua waya hasi kwanza, halafu chanya. Sababu ni kwamba fremu yote imeungwa na hasi. Spana ikigusa fremu unapofungua chanya, hakuna cheche.

(d) Weka pakiti mpya na uibane kwa sponji isicheze. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Fyuzi ya zamani ibaki mahali pake.

(e) Pima tena injini ikiwa imewashwa.

Kwa wenzetu wa Nyeri na Nanyuki: asubuhi za Julai lithiamu huwa na uvivu. Washa taa kwa dakika moja hivi kabla ya kubonyeza stata, ipate joto kidogo.

5. Ile kuukuu iende wapi?

Usiitupe shambani, wala usiivunje nyumbani ili uuze risasi. Risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wanakijiji hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ulipinduliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwaka 2024. Kwa hiyo betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayezipokea, ikiwa nzima.

6. Hitimisho

Nilimjibu binamu yangu hivi: pakiti ya seli za kompyuta, kataa katakata. Ya chuma na fosfeti ni nzuri ukiwa na fedha na chaji ya pikipiki ikiwa sawa. Kama fedha hazipo, betri ya asidi inayoongezwa maji na kufungwa imara itakutumikia vyema. Alichagua ya asidi, na sasa hukagua maji kila Jumapili. Tahadhari kabla ya hatari.

ZOEZI

1. Pikipiki inachaji kwa volti 14.1. Kila seli ya pakiti ya seli tatu itapata volti ngapi? Je, ni salama?
2. Kwa nini waya hasi hufunguliwa kwanza?
3. Taja sababu mbili zinazoua betri ya asidi upesi, ueleze jinsi ya kuziepuka.